Jina la Ukoo na Jina la Mahali: Tunavyoweza Kutafuta Nasaba Kilosa na Mikumi

Wachumba wawili wanafika ofisi ya parokia kuandikisha ndoa. Mmoja kwao Mikumi, mwingine kwao Kimamba. Katibu anaandika majina yao, kisha anainua kichwa: wote wawili jina la mwisho ni Songea. "Nyinyi ni ndugu?" Wanatazamana. Hawajui. Wazazi wakipigiwa simu wanasema hapana, lakini wakiulizwa wamejuaje, wanajibu tu kwamba hawajawahi kusikia undugu huo.

Mfano huu tumeutunga, lakini swali lake si la kutunga. Linaulizwa kwenye ndoa, kwenye mirathi, kwenye misiba na kwenye kujaza fomu za kitambulisho cha Taifa. Nyuma yake lipo swali pana zaidi: jina la ukoo likifanana na jina la mahali, je, mahali pale ndiko tulikotoka? Na tukikutana na wengine wenye jina hilohilo, je, tumekutana na ndugu?

Makala haya yanaeleza namna ya kulifuata swali hilo katika eneo la Kilosa na Mikumi, ambako watu wa asili mbalimbali wamekutana kwa zaidi ya miaka mia moja. Tunawaandikia mafrateri watakaokabidhiwa vitabu vya parokia, na waamini wanaotaka kuwaachia watoto wao kitu zaidi ya jina tupu.

Jina la mahali humpata mtu akiwa mbali

Tuanze na Injili. Bwana wetu alizaliwa Bethlehemu, lakini watu walimwita Yesu wa Nazareti. Yupo Maria wa Magdala, yupo Yosefu wa Arimathaya, yupo Simoni wa Kirene. Ukichunguza, hakuna mtu anayeitwa "wa Nazareti" akiwa ndani ya Nazareti. Pale kila mtu ni wa Nazareti, kwa hiyo jina hilo halimtofautishi yeyote. Anaitwa hivyo akishatoka, akiwa Kafarnaumu au Yerusalemu.

Ndivyo ilivyo kwetu pia. Mzee aliyetoka Songea akahamia Songea nyingine hakuna atakayemwita Songea. Lakini akija Kilosa kukata mkonge, majirani watamwita "Mzee Songea", watoto wake wataandikishwa shuleni kwa jina hilo, na kizazi cha tatu kitadhani ni jina la ukoo. Kwa hiyo jina la mahali mara nyingi linatuambia familia ilikotoka kabla ya kufika hapa. Mtu mwenye jina la mwisho Kilosa tunategemea kumkuta Ifakara, Dodoma au Dar es Salaam kuliko kumkuta Kilosa mjini.

Kuna jambo la pili tunalojifunza kwa Yesu wa Nazareti. Jina la mahali halitaji lazima mahali pa kuzaliwa. Linataja mahali watu walikomjulia mtu, au kituo chake cha mwisho kabla ya kufika kwao. Anayeitwa Tabora huenda alizaliwa mbali kabisa na Tabora, akapita pale, akapanda treni pale, na wenzake wakalishika hilo. Yesu alihesabiwa na ukoo wa Daudi, na mji wa Daudi ni Bethlehemu. Kumbe jina la Nazareti peke yake lisingemfikisha mtafutaji kwenye nasaba yake.

Mahali pia hupewa jina la mtu

Safari ya jina huenda pande zote mbili. Mji wa Songea unaitwa kwa jina la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo mtu anayeitwa Songea leo anaweza kuwa wa aina tatu: mzao wa mtu huyo, mzao wa mtu mwingine aliyepewa jina hilo kwa heshima, au mjukuu wa kibarua aliyetoka mji huo bila kuwa na damu yoyote ya Songea Mbano. Jina ni lilelile, lakini historia ni tatu.

Hapa kwetu Morogoro upo mfano mwingine. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga mji wenye boma karibu na Morogoro ya leo. Binti yake Simbamwene alirithi utawala, na mji wenyewe ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 aliuandika kwa jina hilo. Mtu akikuta katika maandishi ya zamani kwamba babu "alitoka Simbamwene", anatajiwa mji. Asikimbilie kusema babu alikuwa mtoto wa mtawala.

Vijijini alama ya kuangalia ni neno "kwa". Wilayani Malinyi, mkoa huuhuu wa Morogoro, iko kata inayoitwa Kilosa kwa Mpepo. "Kwa" kwa kawaida hutuelekeza kwa mwenyeji: pale palikuwa pa fulani. Familia yenye jina la Mpepo ina haki ya kuuliza kama inahusika. Lakini iulize kwa tahadhari, kwa sababu katika lugha kadhaa za kusini neno hilo, au linalokaribiana nalo, maana yake ni upepo. Watoto wawili waliozaliwa siku ya upepo, mmoja Malinyi na mwingine kandokando ya Ziwa Nyasa, wanaweza kupewa jina moja bila undugu wowote.

Majina yanayofanana bila undugu

Hapa ndipo watafutaji wengi wanapotea. Jina la mahali si alama ya pekee kama nambari ya simu. Linaweza kujirudia sehemu nyingi.

Mikumi ni mfano rahisi. Mikumi ni miti mirefu ya jamii ya minazi, ambayo wengine huiita mivumo. Popote ilipokuwepo, watu waliweza kupaita Mikumi. Dar es Salaam kuna Magomeni Mikumi. Ni hivyohivyo kwa Mbuyuni, Mwembeni na Mtoni. Jina linalotokana na mti, mto au kilima haliunganishi wakazi wa sehemu mbili. Linaonyesha tu kwamba waliona mti mmoja.

Kilosa nazo ziko zaidi ya moja. Iko Kilosa yetu, makao makuu ya wilaya. Iko Kilosa kwa Mpepo tuliyoitaja. Na wilayani Nyasa, mkoa wa Ruvuma, iko kata inayoitwa Kilosa, na humohumo wilayani iko kata inayoitwa Mpepo. Mtu akisema "babu alitoka Kilosa", swali la kwanza ni: Kilosa ipi? Aliyetoka kusini akiwa na jina hilo huenda hajawahi kuuona Mto Mkondoa.

Mto huo nao una mtego wake. Mwaka 1881 nahodha Mfaransa aliyeitwa Bloyet alifungua kituo mahali palipoitwa Kondoa, katika nchi ya Usagara, jirani na Kilosa. Maandishi ya Kifaransa ya miaka ile yanaposema Kondoa yanamaanisha hapo. Msomaji wa leo akiona Kondoa anafikiri Kondoa ya mkoa wa Dodoma, nchi ya Warangi, na ghafla familia ya Wasagara inageuzwa Warangi kwenye karatasi. Ilonga nayo ipo Kilosa na ipo Ulanga. Na ukikuta mtu "wa Ulaya" katika kumbukumbu za Kilosa, usimtafute ng'ambo, maana Ulaya ni kata ya Kilosa.

Kanuni ndogo inatosha hapa: jina moja linalofanana ni dokezo tu. Tunahitaji mambo mengine mawili au matatu yanayokubaliana nalo, kama vile lugha ya nyumbani, mwiko wa ukoo, watani, makaburi, au jina la kijiji jirani. Anayedai wa Kilosa ya Nyasa atakumbuka ziwa. Wa Kilosa yetu atataja Mkondoa, reli, au Kimamba.

Ubini hupita kwa baba, ukoo hupita kwa mama

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Wenyeji wa sehemu hizi, yaani Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, na majirani zao Waluguru, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kwa Waluguru ukoo huo huitwa lukolo, na ulikuwa ndio wenye ardhi.

Fomu za serikali na za shule hazikutengenezwa kwa desturi hiyo. Zinataka jina la mtoto, jina la baba na jina la babu au la ukoo, na kwa kawaida linaloandikwa ni la upande wa baba. Matokeo yake tunabeba ubini unaofuata mstari mmoja huku ukoo wetu wa asili ukifuata mstari mwingine. Ndugu wa tumbo moja, mtoto wa kaka na mtoto wa dada, watakuwa na ubini tofauti kabisa ingawa bibi yao ni mmoja. Na watu wawili wenye ubini mmoja wanaweza kuwa wa koo mbili zisizohusiana.

Tena ubini wenyewe mara nyingi si wa kale. Katika familia nyingi jina la mwisho ni jina la babu tu, na kila kizazi hubadilika: jina la baba linakuwa la katikati, la babu la mwisho, na la baba wa babu linatoweka. Kaka wawili wanaweza kuandikishwa shuleni kwa majina tofauti ya mwisho, mmoja kwa jina la babu na mwingine kwa jina la mahali. Wajukuu wao wakikutana mjini hawatajua kama ni ndugu.

Kwa hiyo mtafutaji wa nasaba Kilosa akifuata ubini peke yake anaiacha nusu ya jamaa zake, na pengine nusu iliyo muhimu zaidi. Swali la kumwuliza bibi lisiwe "jina letu limetoka wapi" tu. Tumwulize: mama yako alikuwa wa ukoo gani? Ukoo huo ulikuwa na mwiko gani? Mjomba mkubwa alizikwa wapi? Na nani waliokuwa watani wenu msibani? Watani ni mashahidi wazuri. Wanaokuja kuzuia jeneza au kuchukua kitu msibani wanafanya hivyo kwa sababu wanajua marehemu alikuwa wa ukoo gani au wa kabila gani, hata kama watoto wake wamesahau.

Watu walifikaje hapa?

Tukijua njia zilizowaleta watu, tunajua majina gani tutegemee. Kwanza ni njia ya misafara. Kabla ya reli, misafara kati ya pwani na bara ilipita katika bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa. Wapagazi, wafanyabiashara na watumwa walipita hapa, na wengine walibaki. Majina kama Mnyamwezi, Mmanyema au Myao, yakitumika kama jina la mwisho, mara nyingi yanatoka katika enzi hiyo. Hayo ni majina ya asili ya mtu jinsi wenyeji walivyomwona. Si majina ya koo.

Pili ni reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ukipitia Kilosa. Pamoja nayo yalikuja mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kwingineko. Vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walitoka Songea, Kigoma, Iringa, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuajiri kilichojulikana kama SILABU, kilichosafirisha maelfu ya watu kutoka mbali. Kwa mwajiri mtu alikuwa namba na kabila. Kambini alikuwa jina la utani au la kwao. Parokiani alikuwa Petro au Yohane. Mtu mmoja, majina matatu. Anayetafuta babu aliyekuwa manamba asishangae asipomkuta kwa jina analolijua.

Tatu ni miwa na barabara. Kiwanda cha sukari cha Kilombero tangu miaka ya 1960 kimevuta watu Kidodi, Ruhembe na Ruaha. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikaufanya Mikumi kuwa mji wa wasafiri, wafanyakazi na wafanyabiashara kutoka kila pembe.

Nne ni vijiji. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka makazi ya zamani na kuwakusanya katika vijiji vipya. Jina la kitongoji cha babu huenda halipo tena kwenye ramani, au limehamia kilomita kadhaa na watu wake. Mipaka nayo imehama. Gairo, ambayo leo ni wilaya, ilikuwa sehemu ya Kilosa hadi mwaka 2012. Kumbukumbu ya zamani ikisema "wilaya ya Kilosa", inaweza kuwa inamaanisha huko.

Vitabu vya parokia na namna ya kuvisoma

Kanisa lina hazina ambayo familia nyingi hazijui kama ipo. Mtaguso wa Trento ulidai mwaka 1563 kwamba paroko aandike ndoa na ubatizo. Sheria ya sasa ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na inataka vitabu vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 877 inataja yanayopaswa kuandikwa: jina la mbatizwa, mbatizaji, wazazi, wasimamizi, mashahidi wakiwapo, mahali na siku ya ubatizo, na siku na mahali pa kuzaliwa.

Swali la kwanza ni: kitabu kiko wapi? Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, kisha wakafika Ilonga, karibu na Kilosa. Vikariati ya Bagamoyo iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1953 ikawa Jimbo la Morogoro. Jimbo la Bagamoyo lililotangazwa mwaka 2025 ni jipya, tusilichanganye na vikariati ile. Parokia yako ya leo huenda zamani ilikuwa kigango. Kama ni hivyo, babu aliyebatizwa hapo ameandikwa kwenye kitabu cha parokia mama. Uliza kwanza kigango kilikuwa chini ya nani mwaka ule.

Kwa upande wa Ukaguru kuna jambo la kuzingatia. Wamisionari Waanglikana walitangulia Mamboya na Berega. Familia nyingi za huko ambazo leo ni Katoliki zina mababu walioandikwa kwenye vitabu vya Kanisa Anglikana. Kwenda kuuliza kwa heshima kwa jirani ni sehemu ya utafutaji.

Swali la pili ni: jina limeandikwaje? Mwandishi Mfaransa aliandika alichosikia kwa sikio la Kifaransa. Usagara aliandika Ousagara, na Ilonga ikawa La Longa. Mjerumani aliandika Ussagara. Herufi l na r hubadilishana, na "ki" ya Kiswahili huweza kuwa "chi" kwa Wakaguru. Kabla ya kusema jina halimo, lisome kwa sauti na ulitafute kwa tahajia tatu au nne.

Swali la tatu ni: pembeni pameandikwa nini? Tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa amri ya Papa Pius wa Kumi, ndoa ya mtu huandikwa pia pembeni ya ubatizo wake. Mtu aliyebatizwa Ilonga akaoa kwingine anatakiwa awe na alama hiyo pembeni, ikitaja alikofungia ndoa. Mistari hiyo michache ya pembeni inatuonyesha familia ilikohamia. Msimamizi wa ubatizo naye mara nyingi ni jamaa au mtu wa kijiji kimoja, kwa hiyo jina lake linafaa kuandikwa kwenye daftari lako.

Mafrateri wajue pia haki na mipaka. Kanuni ya 487 inampa mtu haki ya kupata nakala ya hati zinazohusu hali yake mwenyewe. Haimpi kila mtu ruhusa ya kupekua kitabu kizima, wala kupiga picha kurasa na kuzisambaza kwenye makundi ya simu. Kitabu cha ubatizo kina siri za watu: mtoto asiye na jina la baba, mtoto wa kulea, mama aliyekuwa mtumwa. Katibu au frateri ndiye anayetafuta, kisha anatoa kinachomhusu mwombaji.

Nje ya parokia ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinazotunza kumbukumbu za wilaya za enzi ya ukoloni, na nyaraka za Shirika la Roho Mtakatifu zilizoko Chevilly, Ufaransa. Lakini kwa watu wengi jibu liko karibu zaidi: kwa bibi, kwa katekista mzee, na kwenye kitabu cha parokia jirani.

Kwa nini ndoa inahusika

Turudi kwa wachumba wetu. Kanuni ya 1091 inasema ndoa ni batili kati ya wahenga na wazao wao wote katika mstari wa moja kwa moja. Katika mstari wa pembeni ni batili hadi ngazi ya nne, hiyo ya nne ikiwemo. Kanuni ya 108 inaeleza namna ya kuhesabu: tunahesabu watu wote wa pande zote mbili, tukimwacha mhenga wa pamoja.

Kaka na dada ni ngazi ya pili. Mjomba na mpwa wake ni ngazi ya tatu. Mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni ngazi ya nne: baba na mtoto wake upande mmoja, shangazi na mtoto wake upande mwingine, jumla wanne. Hapo kizuizi kipo. Wajukuu wa ndugu wawili ni ngazi ya sita, hapo hakuna kizuizi cha sheria.

Jambo hili linagusa desturi zetu moja kwa moja. Katika baadhi ya makabila ya huku, ndoa ya mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ilipendwa, kwa sababu kwa hesabu ya ukoo wa mama hao si wa ukoo mmoja. Kwa hesabu ya Kanisa ni ngazi ya nne. Askofu wa jimbo anaweza kuwaondolea kizuizi hicho kwa sababu ya haki, lakini lazima kijulikane na kiombewe kabla ya ndoa. Kwa mstari wa moja kwa moja na kwa ngazi ya pili, kanuni ya 1078 inasema hakuna ruhusa kabisa, na kwa kanuni ya 1091, kukiwa na shaka ya undugu wa aina hiyo, ndoa hairuhusiwi.

Sasa tazama hatari. Wenye ubini mmoja wanaulizwa maswali mengi, kumbe hawahusiani. Wenye ubini tofauti wanapita bila kuulizwa, kumbe bibi yao ni mmoja. Ndiyo maana tunasema katibu wa parokia asiishie kwenye jina la mwisho. Aulize majina ya bibi wanne, wawili kila upande, na walikotoka. Maswali hayo huchukua dakika tano, na yanaweza kuokoa ndoa. Matangazo ya ndoa kanisani nayo yana kazi hiyohiyo. Mzee aliyeko kwenye jumuiya anaweza kujua jambo ambalo hakuna karatasi inayolisema.

Na kwa wanaosoma vitabu vya ndoa vya zamani, hili ni la kukumbuka. Kabla ya sheria mpya ya mwaka 1983, iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huo, Kanisa lilihesabu kwa upande mmoja tu. "Ngazi ya pili" ya zamani ni watoto wa ndugu wawili, yaani ngazi ya nne ya leo. "Ngazi ya tatu" ni wajukuu wa ndugu wawili. Ukikuta ndoa ya babu imeandikwa kwamba iliondolewa kizuizi cha ngazi ya tatu, usiogope. Badala yake shukuru, kwa maana umepata ushahidi wa maandishi kwamba babu na bibi walikuwa na mhenga mmoja, vizazi vitatu juu yao.

Tuanze vipi?

Tunapendekeza mpango mfupi. Anza na wewe mwenyewe, panda juu kizazi kimoja kimoja, bila kuruka. Kwa kila mtu andika mambo matano: majina yake yote, ukoo wa mama yake, alikozaliwa, alikohamia, na alikozikwa. Waandike akina bibi kwa ukamilifu uleule wa akina babu.

Kisha lipime jina la mwisho. Je, ni jina la babu, la kabila, la ukoo, la cheo, au la mahali? Kama ni la mahali, je, mahali hapo ni pamoja tu, au pako sehemu nyingi? Nani wa kwanza kuitwa hivyo, na alikuwa akiishi wapi alipoanza kuitwa? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango. Kama wa kwanza kuitwa Songea alikuwa kibarua wa Kimamba, mzee mwingine aliyeitwa Songea akiwa Mikumi miaka ishirini baadaye hana lazima ya kuwa ndugu yake. Wote wawili walitoka njia moja tu.

Halafu nenda parokiani ukiwa na jina, mwaka wa kukisia na kigango. Usimwambie katibu, "Natafuta ukoo wetu." Mwambie, "Natafuta ubatizo wa fulani, kati ya mwaka huu na huu, kigango fulani." Utafutaji wenye mipaka humalizika.

Mwisho, pokea utakachokipata. Mtume Paulo alimwonya Timotheo kuhusu nasaba zisizo na mwisho zinazozaa ubishi. Nasaba si ya kujipandisha wala ya kumshusha jirani. Huenda tukagundua kwamba babu tuliyedhani chifu alikuwa mpagazi, au kwamba bibi alikombolewa utumwani, akabatizwa jina jipya, na jina lake la kwanza halikuandikwa popote. Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu hakumficha Rahabu wala Ruthu mgeni wa Moabu. Wageni wa aina hiyo ndio waliojenga Kilosa na Mikumi, na majina ya mahali tunayoyabeba ni kumbukumbu ya safari zao. Wazee wanaozijua safari hizo wanapungua kila mwaka. Jumapili hii, baada ya Misa, mkalie bibi au mzee mmoja na daftari, na mwanze na jina la mama yake.